Tupeane uzoefu: uliambiwaje una kisukari, na kwa kipimo gani?

Binti Bombo

Asalaam aleykum na habari zenu nyote, mlio Arua, Kasese, Mbale, Busia na mlio Kampala. Naomba tukusanye hapa habari zetu wenyewe za kupimwa sukari. Mambo ya mitishamba na nani kapona tuyaache kwanza. Tuambiane ulijisikiaje, ulipimwa kabla ya kula au baada, namba ilisomeka ngapi (mashine zetu husoma milimoli kwa lita), na ukaambiwa nini.

Nauliza kwa sababu kila mara nasikia mtu akisema "mimi nina nane" au "mama ana kumi na moja", akaishia hapo. Namba iliyokosa saa haisemi kitu. Nane asubuhi hujatia kitu mdomoni ni jambo zito. Nane muda mfupi baada ya sahani ya matoke yaweza kuwa ya mtu asiye na kisukari kabisa. Ukila, glukosi inaingia kwenye damu, kongosho linatoa insulini, na misuli inapata kuichukua sukari hiyo huku ini likiweka akiba. Ukikaa na njaa, kongosho hilohilo linatoa homoni nyingine, glukagoni, na ini linaitoa akiba. Ndiyo maana asiye na kisukari akiamka hukutwa kati ya 4 na 6 hivi, hata kama jana alikula sana.

Mimi nilipimwa nikiwa na mimba ya miezi sita. Asubuhi nilisoma 4.9, nikafurahi. Nesi akasema bado, akanipa maji yenye gramu 75 za glukosi, matamu mpaka kichefuchefu, kisha akanitoa damu tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Ya saa mbili ikafika 9.1, na kwa mjamzito mwisho ni 8.5. Wangeishia kwenye ile ya asubuhi wangenirudisha nyumbani kwa amani ya uongo. Baada ya kujifungua ilishuka yenyewe, lakini niliambiwa nisiache kupima, maana waliopitia njia hii wako karibu zaidi na kisukari cha ukubwani.

Karibuni.

Dereva wa Malaba

Naendesha trela. Kiu ilinishika, nikawa nasimamisha gari kila mara kujisaidia. Nikawa naituliza kwa soda, nayo inazidi. Aliyenishtua ni taniboi wangu: pale nilipojisaidia kando ya gari palijaa sisimizi. Kwao wazee huijua dalili hiyo.

Nilitobolewa kidole mchana, nimeshakula: 19.4. Musawo, yaani daktari, hakuniambia nirudi siku nyingine. Alisema mwenye kiu, mkojo mwingi na kukonda, akisoma 11.1 au zaidi saa yoyote ile, jibu limepatikana. Akanieleza na la sisimizi. Figo hurudisha sukari kwenye damu, lakini ikishapita kama 10 zinashindwa, inamwagika kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Kwa hiyo kiu yangu ilikuwa ya kweli, mwili ulikuwa unakauka.

Mama Pacha, Kasese

Naandika kwa ajili ya wenye watoto, tafadhali someni mpaka mwisho.

Mwanangu alikuwa darasa la nne. Alianza kukojoa kitandani wakati alishaacha zamani. Akakonda, na chakula anakula. Shangazi yake akasema ni minyoo, tukampa dawa ya minyoo. Kisha akaanza kutapika na kulia tumbo. Tukakimbilia kliniki moja karibu na nyumbani. Kipimo cha malaria kilitoka hana, lakini wakamtibu malaria vilevile, maana huku kwetu mtoto akiugua jina la kwanza ni hilo. Wakamtundikia na dripu ya glukosi. Usiku akawa anapumua kwa nguvu, kifua kinapanda na kushuka kama aliyekimbizwa, na macho yamelegea.

Tulipomfikisha hospitali, nesi aliinama karibu na mdomo wake, akanusa, akaita mwenzake. Pumzi ilikuwa na harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Wakamtoboa kidole. Mashine haikutoa namba, iliandika HI tu, yaani sukari imepita mwisho wa kipimo chake, ambao kwa mashine nyingi ni 33.3.

Daktari alinieleza baadaye, nilipoweza kusikia. Kinga ya mwili wake mwenyewe imeziharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Pasipo insulini sukari inajaa kwenye damu na mwili hauwezi kuitumia, basi unachoma mafuta, na mafuta hayo yanaacha asidi. Kule kupumua kwa nguvu ni mwili unajaribu kuitoa asidi. Wala si pumu wala pepo, kama jirani alivyodai.

Leo anajichoma sindano mwenyewe kabla ya kula. Umeme wetu ni wa kubahatisha, basi insulini tunaihifadhi kwenye chombo ndani ya mtungi wa udongo wenye maji, kama tulivyofundishwa kliniki.

Mtoto akikojoa sana, akikonda, akitapika, na malaria haikuonekana, mwambieni musawo amtoboe kidole. Msione haya kusema. Ni tone moja, na jibu linapatikana papo hapo.

Binti Bombo

Mama Pacha, nimelia. Mungu amkuze.

Hajati wa Kisenyi

Mimi sikuwa na dalili hata moja. Walikuja kupima watu msikitini, nikasoma 7.6 kabla ya chai. Wakaniambia kwa asiye na dalili mara moja haitoshi, nirudi siku nyingine na tumbo tupu, damu itolewe kwenye mshipa na ipimwe maabara. Ikatoka 7.4, na mpaka ni 7. Shoga zangu waliona nasumbuliwa. Mimi nawashukuru waliorudia, maana ugonjwa wa maisha yote haufai kutajwa kwa tone moja la damu.

Nina swali. Mbona nalala nikiwa na 6.8, naamka nina 8, na usiku sikula kitu?

Kaka wa Mbale

Kuna kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, HbA1c, ambacho 6.5% na kuendelea ni kisukari. Hakihitaji kukaa na njaa, ndiyo maana wengi wanakipenda. Ila wenye selimundu (sickle cell) kwenye familia mkae macho. Mdogo wangu anayo, na kipimo hicho kilimtoa mzima wakati sukari ya asubuhi inasoma 9. Chembe nyekundu za kawaida huishi kama siku 120 zikishikwa na sukari kidogo kidogo. Za kwake zinakufa mapema, hazifikii kushika ya kutosha. Sasa wanamfuatilia kwa sukari ya damu yenyewe.

Nesi Lira

Kaka wa Mbale kasema kweli, na mgonjwa aliseme mwenyewe kabla ya kupimwa, wasisubiri kuulizwa.

Hajati, mama yangu, usiku ini linaendelea kutoa sukari ili ubongo usikose chakula. Kuelekea alfajiri homoni za kuamsha mwili zinapanda, kortisoli ikiwamo, na zinalihimiza ini litoe zaidi. Kwa mtu mwenye kongosho zima insulini hulizuia. Kwako kizuizi hicho ni dhaifu. Usipunguze chakula cha usiku kwa kubahatisha. Peleka namba zote mbili kliniki wakuangalizie dawa.

Mtoto wa Busia

Kaka yangu alimtumia mzee mashine kutoka Marekani. Asubuhi imesoma 130, nyumba nzima tumeingia hofu.

Nesi Lira

Hiyo inasoma miligramu kwa desilita. Gawanya kwa 18, unapata 7.2. Mzee alikula mwisho saa ngapi?

Mtoto wa Busia

Saa tatu usiku, wali na maharagwe. Tumempima saa moja asubuhi, hata chai hajanywa.

Nesi Lira

Zimepita saa kumi, basi hiyo inahesabika kuwa ya tumbo tupu. Iko juu ya 7 kidogo, na mashine ya nyumbani haitoshi kumwambia mtu ana kisukari. Mpeleke maabara kesho asubuhi, maji anaruhusiwa kunywa.