Tupeane uzoefu: uamsho ulianzia wapi kanisani kwenu?

Bwana asifiwe wapendwa. Naomba tushirikishane tulichokiona kwa macho yetu kuhusu maombi na uamsho, yaani imani iliyopoa inapowaka upya kanisani. Mahubiri tunayo ya kutosha, nataka shuhuda. Nimekuwa nikisoma habari za Herrnhut, Ujerumani. Wakimbizi Wakristo kutoka Moravia (sehemu ya Ucheki ya leo), waliopewa hifadhi huko na Zinzendorf, mtawala mdogo aliyemiliki ardhi ile, walikuwa wakivutana vikali juu ya mafundisho na ibada. Mwaka 1727 wakapatana, na tarehe 13 Agosti Roho akawashukia wakiwa kwenye Meza ya Bwana. Mwezi uleule wakapanga zamu za maombi usiku na mchana, zikaendelea zaidi ya miaka 100. Kilichonigusa ni kwamba mapatano yalitangulia. Kwenu ilikuwaje?

Mwimbaji:
Kwetu ilikuwa hivyohivyo. Wazee wawili wa kanisa walikuwa hawasalimiani, na kila mtu alijua. Tulifunga, tukakesha, tukaita wahubiri, ibada zikabaki nzito. Siku moja katikati ya maombi ya kawaida kabisa, mmoja akainuka, akavuka hadi alipokaa mwenzake, akapiga magoti. Hakusema mengi. Yule mwingine akaanza kulia, akamshika mkono, akamwinua. Mchungaji hakuhubiri siku ile, maana watu walikuwa wakitafutana kila kona wakiombana msamaha, mama na mkwewe, wanakwaya na kiongozi wao. Vijana walioacha kuja walirudi bila kuitwa. Mimi naamini Mungu alikuwa akitusubiri pale.

Saa_Sita:
Msidharau uchache. Jeremiah Lanphier, Mkristo wa kawaida asiye mchungaji, alipoanzisha maombi ya mchana New York, Septemba 1857, alikaa peke yake nusu saa nzima, kisha wakafika watu sita. Miezi michache baadaye maelfu walikuwa wakikusanyika kuomba kila siku mjini humo. Sisi kazini tunaomba watatu wakati wa mapumziko. Tayari mmoja wa tuliokuwa tukimwombea ameokoka.

Mama wa Maombi:
Niseme jambo kwa upendo. Mkesha wenye sauti kubwa si lazima uwe uamsho. Mimi hutazama Jumatatu: je, deni limelipwa, aliyeibiwa amerudishiwa, mume amebadilika nyumbani? Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, ulijulikana kwa watu kuungama wazi, kurudisha vya wizi na kutembea nuruni, yaani kuishi bila kuficha dhambi. Kanisani kwetu dada mmoja alirudisha fedha za kikundi alizokuwa amezificha. Aliogopa kufukuzwa, tukamkumbatia. Baada ya hapo maombi ya wanawake yakawa mengine kabisa. Tulikuwa tunaombeana mizigo halisi, si maneno ya juu juu.

Mtafutaji:
Mimi bado nangoja. Naomba alfajiri, mara nyingi moyo ukiwa mkavu. Lakini nimeona hasira yangu kwa watoto imepungua, na Neno limeanza kuwa tamu tena.

Mwanzisha mada:
Mtafutaji, huo nao ni uamsho, usiache. Mwimbaji, naomba utueleze: baada ya wazee wale kupatana, mlifanya nini ili moto usipoe? Hapo ndipo sisi hukwama.