Walimu wa vyuo Mombasa, tupeane uzoefu: yuniti ya pamoja ya mwaka wa kwanza mliipangaje?

MwanaTudor: Assalamu alaykum jamani. Nimetwikwa kazi ya kupanga upya yuniti ya mwaka wa kwanza, ile wanayosoma wote: uhandisi, uuguzi, biashara, utalii. Niliyorithi ina mada 14 kwa wiki 14, kuanzia falsafa ya Wagiriki hadi mabadiliko ya tabianchi. Wanafunzi 300 ukumbini, kipaza sauti kinakohoa. Wenyewe wanaiita "ya kupita tu". Niambieni yaliyowakuta, nadharia ninazo tele.

Mzee_Kibokoni: Waalaykum salaam dada. Mie nilikosea kwanza. Nilisahihisha insha za mwanzo siku tatu nikidhani hawa watoto ni wavivu. Swali lilisema "jadili". Kijana mmoja kaorodhesha hoja kumi kwa nambari, mwandiko safi, hakuna hoja hata moja inayogombana na mwenzake. Nikamwita. Akanijibu kwa adabu kabisa: "Mwalimu, shuleni kila hoja ilikuwa na alama zake." Basi. Miaka minne amefunzwa hivyo, nami namlaumu. Tangu hapo wiki mbili za mwanzo sifundishi mada. Tunasoma maswali tu: "eleza" yataka nini, "linganisha" je, "tathmini" je. Kila mmoja anaandika aya moja papo hapo, kwa kalamu. Mkuu wa idara alininunia muhula mzima.

Ngomeni_78: Mimi nilikata mada zikabaki nne, na moja ni ngome ya Fort Jesus. Msicheke, nina wanafunzi waliozaliwa Mombasa hii hii na hawajawahi kuingia ndani. Wareno waliianza 1593, Waomani wakaitwaa 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu, Waingereza nao wakaifanya jela mpaka 1958. Kila mmoja aje na swali la fani yake. Wa ujenzi alishikwa na ukuta: mawe ya matumbawe, na bado umesimama pembeni mwa bahari? Wa uuguzi akauliza waliozingirwa walikufa kwa nini, akakuta maradhi na njaa viliwamaliza kuliko mizinga. Kisha wakabadilishana karatasi, wa uuguzi asome ya ujenzi na aseme wapi hakuelewa. Hapo ndipo kozi yenyewe ilipo, safari ni kisingizio. (Barua ya chuo iombwe mapema, mlangoni hawana mzaha.)

BintiKisauni: Yangu haikuhitaji hata basi. Niliwatuma kwa mama wa mahamri nje ya lango, wakapige hesabu ya faida yake kwa siku. Unga, sukari, nazi, mafuta, makaa. Wakarudi na faida nono. Msichana mmoja wa utalii akauliza: "Na kuamka saa kumi alfajiri, mmeiweka wapi?" Wa biashara wakasema hiyo si gharama maana hajilipi. Darasa likawaka, saa mbili ziliisha hatujatoka kwenye hamri. Kuchuma namba, kuuliza bila kumdharau mtu, kutetea jibu lako: yote nilipata pale. Ila niliwaagiza wanunue kwanza ndipo waulize.

Zamani_Likoni: Mimi si mwalimu, nilikuwa mwanafunzi. Karo ilichelewa, nikasajiliwa wiki ya nne. Jaribio la kwanza lilikuwa wiki ya tano, na lote limetoka kwenye wiki nilizokosa. Kipindi chenyewe Jumatatu saa moja asubuhi, nami navuka kwa feri. Kwa heshima Mzee, hizo wiki mbili zako za dhahabu mie ningezikosa zote.

Mzee_Kibokoni: Hapo umenishika mwanangu. Sikuwahi kulifikiria. Labda zoezi hilo la maswali nisilimalize mwanzoni, nilirudie kidogo kidogo kabla ya kila kazi.

Mpenda_Mbaazi: Na msisahau 2029 wanaanza kuingia wale wa mtaala wa umilisi. Hao wamezoea miradi, hoja kumi huenda tusizione tena. Huenda tukapata shida nyingine.

MwanaTudor: Ahsanteni sana. Jana usiku nimefuta mada tisa, Wagiriki wamekwenda. Jaribio la kwanza nimelisogeza wiki ya saba kwa ajili yako Zamani_Likoni. Ngomeni, yule wa ujenzi alipata jibu la ukuta?

Ngomeni_78: Alipata nusu, chokaa. Nusu nyingine bado ananisumbua nayo, na yuko mwaka wa tatu.