Sailensa inapanda na kushuka kwenye Corolla ya 1998: hewa inaingilia wapi?

Mkaazi wa Wete
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina Toyota Corolla ya mwaka 1998 yenye injini ya 5A-FE. Injini ikishapata moto, sailensa (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) hupanda hadi mizunguko 1,500 kwa dakika, hushuka hadi karibu kuzima, kisha hupanda tena, na upande wa manifodi ya hewa, yaani mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda, nasikia mlio wa kufyonza. Nimeshauriwa kubadilisha sensa pamoja na troto nzima (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta), vipuri ambavyo hapa Pemba lazima viagizwe Unguja au Dar es Salaam, kwa hiyo naomba kuelekezwa namna ya kupata uhakika kabla sijatoa fedha.

Fundi, Fuoni
Wa alaykum salaam. Usinunue chochote kwanza, kwa sababu dalili hizo ni za hewa kuvuja. Injini yako hupima hewa kwa mgandamizo ulio ndani ya manifodi, hivyo hewa inayopenya kwenye ufa nayo huongezewa petroli na mizunguko hupanda; kompyuta ikiona mizunguko imezidi ilhali troto imefungwa, hukata petroli, injini ikaanguka, petroli ikarudishwa, na mzunguko huo ukaendelea.

Iache injini sailensa, kisha bana mipira ya hewa mmoja mmoja kwa koleo lililofungwa kitambaa. Mlio ukikoma na injini ikatulia, umefika. Mipira ikiwa mizima, nyunyizia maji kidogo kwenye maungio ya gasketi ya manifodi, ukiepuka distributa inayogawa umeme wa plagi, na usikilize kama mlio unabadilika. Wapo wanaotumia petroli kwa kazi hii. Nakusihi usifanye hivyo, kwani cheche ya waya wa plagi uliochakaa inatosha kuiunguza gari na aliyesimama mbele yake.

Mjumbe, Chake Chake
Usiisahau servo ya breki, kifaa kinacholainisha pedali kwa mvuto wa injini, maana nayo huweza kuvujisha hewa. Zima injini, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu, uishikilie, kisha washa: pedali inapaswa kuzama kidogo. Ukimpata mwenye geji ya utupu, inayopima mvuto ndani ya manifodi, kwetu huku usawa wa bahari injini nzima husoma takriban inchi 17 hadi 21 za zebaki ikiwa sailensa.

Mkaazi wa Wete
Nawashukuru sana. Breki ni nzima. Nilipobana mpira wa PCV (unaorudisha mvuke wa oili kwenye manifodi) unaotoka kwenye tapeti kava, mfuniko wa juu wa injini, mlio ulikoma papo hapo, na nilipouchomoa nikaona ufa upande wa chini wa kona yake, mahali ambapo kwa juu hapaonekani kabisa, nao mpira wenyewe umekauka hata ukiukunja unakatika. Je, kaka, naweza kuweka kipande cha mpira wa maji?

Fundi, Fuoni
Hapana, ndugu yangu. Mvuke wa oili huulainisha mpira wa maji, na mvuto wa injini huubana ukaziba. Tafuta mpira unaostahimili oili, wenye kipenyo kilekile, na uweke klipu mpya. Kabla ya kufunga, itikise valvu ya PCV karibu na sikio: ikigongagonga ndani, irudishe, ikiwa kimya, imeganda kwa masizi, basi nunua nyingine.