Ubunifu una kazi gani pale jamii inapotaka kuhuisha ardhi, si kuitunza tu?

Fundi_Ramani (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Chukulieni kikundi cha kaya 40 chenye hekta 6 za pamoja. Ni mteremko wa wastani, udongo umefanya ukoko, mvua ikinyesha maji yote yanatiririka. Pesa ya mfadhili ni ya miaka miwili. Nusu ya kamati inataka pampu ya sola, vihisi vya unyevu na programu ya simu. Nusu nyingine inasema watu wabadilike kwanza, vifaa vitafuata. Ubunifu na usanifu vinaingia wapi hasa, kama lengo ni utamaduni ambao ardhi inazidi kupata nguvu kwa kadiri inavyotumiwa? Naomba vitendo, nadharia ninazo za kutosha.

Jembe_na_Penseli

Vihisi viwekeni kando kwanza. Ardhi yenye ukoko haina upungufu wa taarifa, shida yake ni kwamba maji hayaingii. Usanifu unaanzia kwenye kontua, yaani mstari unaopita sehemu zenye kimo sawa kwenye mteremko, na kifaa chake ni fremu ya A: miguu miwili ya mita 2, mti wa kukingama katikati, kamba yenye jiwe ikining'inia kutoka kileleni. Isimamishe mahali pamoja, weka alama kamba inapokatiza mti wa kukingama, kisha geuza miguu ibadilishane nafasi na uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa ulipo: kamba ikitulia hapo, miguu yote miwili iko kimo kimoja. Makosa ya kawaida ni mawili: kupima upepo ukivuma, na kuruhusu mguu mmoja uzame kwenye udongo laini. Kosa la sentimita chache kwenye kontua linakusanya maji sehemu moja, na hapo umejichimbia korongo mwenyewe.

Kisha mashimo ya zai, yaani vishimo vya kupandia vinavyokusanya maji ya mvua. Upana sentimita 20 hadi 40, kina 10 hadi 20, udongo uliochimbwa uwekwe upande wa chini wa mteremko. Yachimbwe kiangazi, ili upepo ulete majani makavu yanase humo. Kila shimo litiwe konzi mbili tatu za samadi iliyooza. Mbichi itaunguza miche. Samadi inaita mchwa, na hao ndio wafanyakazi wenu wa usiku, kwa sababu vijia vyao vinapitisha maji chini ya ukoko. Kwenye mchanga mtupu mashimo yanabomoka, na mvua ikizidi milimita 800 hivi kwa mwaka mimea itasimama majini.

Sasa piga hesabu kabla hamjaahidi chochote. Nafasi ya sentimita 80 kwa 80 ni takriban mashimo 15,600 kwa hekta. Hekta 6 ni zaidi ya 93,000, yaani mashimo 2,300 na ushee kwa kila kaya. Hakuna atakayemaliza hilo msimu mmoja. Hekta moja ni mashimo 390 kwa kaya, hiyo inawezekana. Nguvu za watu ni malighafi kama saruji, na mchoro usiozihesabu haujakamilika.

Kuhusu ubunifu wenyewe: Yacouba Sawadogo wa Burkina Faso hakuvumbua zai. Miaka ya 1980 alichukua mashimo ya zamani, akayapanua, akayaongeza kina na kuyatia samadi kabla ya mvua. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Right Livelihood. Mabadiliko matatu madogo kwenye kitu ambacho majirani walikijua tayari, ndiyo maana waliweza kuiga kwa kuangalia tu.

Kisiki_Hai

Naunga mkono, ila kabla ya jembe tembeeni mkague visiki. Ardhi nyingi zinazoonekana tupu zina mizizi hai chini, na machipukizi yake hukatwa au kuliwa kila mwaka. Chagua shina 3 hadi 5 zilizonyooka na zenye afya kwa kila kisiki, ondoa nyingine zote, pogolea matawi ya pembeni hadi nusu ya urefu. Panga lazima liwe kali na likate kuelekea juu, vinginevyo gome linachanika na ugonjwa unapenya. Rudi kila baada ya miezi michache uondoe machipukizi mapya. Hakuna kitalu, hakuna kumwagilia.

Niger ndiyo mfano mkubwa. Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, alianza kuisambaza njia hii huko mwaka 1983, na baadaye ikaenea kwenye takriban hekta milioni 5. Kikwazo hakikuwa ujuzi pekee. Miti ilihesabiwa kuwa mali ya serikali, basi mkulima aliyetunza mti shambani hakuwa na uhakika wa kuuvuna. Usimamizi wa sheria ulipolegea, watu wakaanza kuitunza miti kama yao. Kwa hiyo Fundi, swali la kwanza la usanifu kwenye hekta zenu 6 ni hili: tawi litakapokatwa, kuni ni za nani? Kama jibu halijaandikwa, msiguse kisiki chochote.

Karani_wa_Kisima

Hapo kwenye sheria ndipo miradi mingi inapofia, na kamati huwa inazipa nusu saa ya mwisho ya kikao. Elinor Ostrom, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza misitu, malisho na mifereji inayosimamiwa na watumiaji wenyewe. Iliyodumu ilikuwa na mipaka inayojulikana, kanuni zilizotungwa na watumiaji, waangalizi wanaowajibika kwao, na adhabu zinazopanda ngazi. Hiyo ya ngazi ndiyo hukosewa. Mbuzi akiingia mara ya kwanza, mwenyewe aonywe. Mara ya pili akatengeneze mashimo yaliyovunjwa. Faini ije mara ya tatu. Mkianza na faini kubwa, hakuna atakayethubutu kumtoza jirani yake, na kanuni imekufa siku hiyo hiyo.

Halafu msilipe posho ya kuchimba kwa siku. Posho ikikatika, majembe yanawekwa chini. Pesa ya mfadhili inunue zana, usafiri wa samadi na ziara za kujifunza kwa kikundi kingine.

Fundi_Ramani

Nimewaelewa, asanteni sana. Lakini bila vihisi tutajuaje kama udongo unabadilika?

Jembe_na_Penseli

Pete ya bomba la chuma, kipenyo sentimita 15, ipigwe hadi izame nusu. Tandika karatasi ya nailoni ndani, mimina mililita 440 za maji (ni kama milimita 25 za mvua), vuta nailoni taratibu na uhesabu dakika hadi maji yaishe. Rudia hapo hapo. Andika namba ya mara ya pili, kwa sababu ya kwanza hutegemea zaidi ukavu wa siku hiyo. Weka vigingi sehemu sita, mbili kati ya hizo nje ya eneo lililochimbwa ili mpate cha kulinganisha, na mpime mwezi ule ule kila mwaka. Kama maji yanavuja pembeni ya pete, kipimo hicho futa, sogea hatua moja uanze upya. Kazi hii wapeni wanakikundi kwa zamu, asiachiwe mtaalamu.