Vita vikitangazwa, kisiwa kifungwe kwa amri ya nani?

KAHAWA CHUNGU (Kibokoni)
Jana baada ya Isha tuligombana barazani hapa Mombasa mpaka kahawa ikapoa. Swali lilikuwa hili: Kenya ikiingia vitani, vita hasa, serikali ipewe uwezo wa kufunga miji, kuzima intaneti na kuweka watu ndani bila kesi? Wazee wawili walisema ipewe, tena bila masharti. Mimi nasema Katiba imeshaipa ya kutosha, na wala si hapo panaponitia hofu.

Kifungu cha 58 kinamruhusu rais kutangaza hali ya hatari nchi ikitishwa na vita, uvamizi, maasi au janga. Tangazo hilo lina siku 14. Kuliongeza mara ya kwanza kunataka thuluthi mbili ya wabunge wote wa Bunge la Kitaifa. Baada ya hapo robo tatu, na kila nyongeza isizidi miezi miwili. Mahakama ya Juu inaweza kulibatilisha. Na hata mabomu yakianguka Kilindini, Kifungu cha 25 kinasema huwezi kuteswa, huwezi kufanywa mtumwa, huwezi kunyimwa kesi ya haki, na aliyekushika lazima akufikishe mbele ya jaji ukidai.

Huo ndio mlango wa mbele, na una makufuli. Mimi naogopa mlango wa uani. Kafyu hutangazwa na waziri kwa ushauri wa Inspekta Mkuu wa Polisi, basi. Hakuna mbunge anayeinua mkono. Jeshi letu liliingia Somalia Oktoba 2011 na hakuna aliyetangaza hali ya hatari. Lakini Lamu iliwekewa kafyu Julai 2014, ikaongezwa, ikaongezwa tena. Siku 14 za Katiba ziko wapi hapo? Na sisi huku ni kisiwa, yakhe. Simamisha feri ya Likoni, ziba Nyali na Makupa, mji mzima uko ndani ya chupa.

GWANDA KUUKUU (Changamwe)
Mwanangu, Katiba umeisoma vyema. Lakini hao waliovamia Mpeketoni Juni 2014 waliingia usiku, wakaua nyumba hadi nyumba, na siku ya pili wakaenda vijiji vya jirani. Waliokufa walipita 60. Kafyu ya Lamu ilitoka kwenye makaburi hayo, haikutoka kichwani mwa waziri. Mtu wa doria akiwa gizani hana njia ya kumjua mwema. Raia wakiwa ndani, anayetembea unamsimamisha.

Tazama Ukraine. Urusi ilivamia tarehe 24 Februari 2022, na siku hiyohiyo sheria ya kijeshi ikatangazwa. Wanaume wa miaka 18 hadi 60 wakaambiwa hakuna kuvuka mpaka. Ni ukali? Ni ukali. Nchi ingalipo.

MAMA MAHAMRI (Majengo)
Mimi sina vifungu. Nina mwaka 2020. Virusi havina bunduki lakini tuliambiwa tuko vitani, na tarehe 27 Machi, siku ya kwanza ya kafyu, watu waliokuwa wakikimbilia nyumbani walipigwa rungu na vitoza machozi kivukoni Likoni, jua hata halijazama. Foleni ya feri ndiyo iliyowachelewesha! Baadaye Mahakama Kuu ikasema kafyu ni halali ila kipigo si halali. Aliyevimba mgongo alishafanya nini na hukumu hiyo sijui.

Unga wa mahamri hukandwa usiku uumuke. Wateja wangu huvuka alfajiri. Kaka Gwanda, unaposema "raia wakiwa ndani", nani analisha hao walio ndani?

MWANA WA RASINI (Kisauni)
Mzee Gwanda, shikamoo. Lamu naijua kwa damu, kwa hivyo ngoja niseme yaliyotangulia 2014.

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Kabla mwezi kwisha, hali ya hatari ilikuwa imeshatangazwa Kaskazini Mashariki kwa sababu ya vita vya Shifta, yaani waasi waliotaka eneo hilo lijiunge na Somalia. Kanuni za 1966 zikashika na wilaya za jirani, Tana River na Lamu zikiwamo. Vita vilikwisha 1967. Hali ya hatari iliondolewa lini? Novemba 1991! Mtoto aliyezaliwa risasi zikinyamaza alikuwa na miaka 24. Na katikati hapo, 1970, Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maafisa wasishtakiwe kwa waliyoyafanya vitani. Leo Kifungu cha 58 kinakataza kinga ya namna hiyo, na aliyeiandika alijua anaandika nini.

Nyanya yangu alikimbia bara ya Wabajuni wakati wa Shifta akiwa na sufuria na watoto wawili, na ndiyo sababu mimi niko Kisauni. Hakufukuzwa na kanuni, alifukuzwa na vita, hilo nakubali. Lakini vita vilimtoa mara moja, na kanuni zikabaki miaka yote hiyo juu ya waliosalia.

Tena kuna hili ambalo watu wa mjini hawalioni. Wavuvi wa Lamu walikatazwa kwenda baharini usiku kwa miaka, kisa usalama wa mpaka. Jarife hutegwa magharibi, hutolewa alfajiri. Ukimkataza mtu usiku umemkataza kuvua.

WAKILI MTARAJIWA (Tudor)
Kahawa, wewe unaziamini mno korti. Marekani mwaka 1942 iliwahamisha watu wa asili ya Kijapani kama 120,000 na kuwatia kambini, wengi wao raia kamili. Mwaka 1944 kesi ikafika mahakama ya juu kabisa, na majaji wengi wakasema sawa tu, ni vita. Msamaha na fidia ya dola 20,000 kwa kila aliyekuwa hai vilikuja 1988. Jaji naye huogopa vita kama sisi.

Na hapa kwetu, Imajensi ya gavana wa Kiingereza, Baring, dhidi ya Mau Mau, iliyoanza Oktoba 1952 ilidumu hadi Januari 1960. Vita vya msituni vilikuwa vimeshapoa zamani, lakini Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa kambini Hola, na taarifa ya kwanza ya serikali ikasingizia maji waliyokunywa.

GWANDA KUUKUU
Hola ilikuwa ya mkoloni. Msichanganye.

MWANA WA RASINI
Na ya 1963 hadi 1991 ilikuwa ya nani, mzee wangu?

KAHAWA CHUNGU
Mzee Gwanda, mfano wako wa Ukraine unanisaidia mimi. Kule sheria ya kijeshi hurudi bungeni kila siku 90 ipigiwe kura. Uchaguzi umesimama, na hilo lina ubishi wake, lakini kila miezi mitatu kuna watu wanaoweka majina yao. Nachotaka ni hicho: kafyu yoyote ikipita siku 14, ipelekwe Bungeni kama hali ya hatari yenyewe. Usiku wa shambulio waziri aamue, sina neno. Usiku wa 15 ajieleze.

GWANDA KUUKUU
Hapo kwenye siku ya 15 naweza kukaa nawe. Mradi usinitakie kura risasi zikilia.

WAKILI MTARAJIWA
Bunge lipi? Lile la Desemba 2014 lililopitisha marekebisho ya sheria za usalama huku waheshimiwa wakipigana na kurushiana maji? Miezi miwili baadaye Mahakama Kuu ikafuta vifungu vinane.

KAHAWA CHUNGU
Si ndiyo korti hizohizo ulizosema nisiziamini?

WAKILI MTARAJIWA
Ilikuwa Februari, kila mtu ametulia. Niletee hukumu ya wiki ya kwanza.

MWANA WA RASINI
Haya. Binamu yangu ana dau, jarife na madeni. Hizo siku 14 za waziri ni nusu ya mwezi mzima wa bahari, na bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, haimngojei spika. Katika hiyo sheria yenu mpya, mtamwandikia nini?