MJADALA: Skii ya wanawake wenye ulemavu, dhahabu iamuliwe na saa tupu au na hesabu?

Wadau habari zenu. Kila nikitupia video ya akina dada wa skii ya walemavu kwenye grupu napata maneno yaleyale: "mbona huyu katumia sekunde nyingi ndo kapewa dhahabu, si wizi huu?" Wengine wanasema afadhali kila aina ya ulemavu ipewe mbio zake na medali zake, yaishe. Mi nakataa yote mawili na leo nataka tuongee vizuri, maana naona watu wanahukumu bila kujua mchezo unavyoendeshwa.

Kwa asiyefuatilia: kwenye Paralimpiki za msimu wa baridi (olimpiki ya walemavu) skii ya kushuka mlima, yaani kuteleza juu ya theluji, ina makundi matatu tu, wanaosimama, wanaokaa na wenye uoni hafifu au wasioona kabisa. Ila ndani ya kila kundi kuna madaraja mengi. Kwenye wanaosimama utamkuta asiye na mguu mmoja, asiye na mkono, mwenye miguu yote lakini misuli dhaifu, wote wanagombea dhahabu moja. Sasa ili iwe haki kila daraja lina fakta yake, yaani namba ambayo muda wako unazidishwa nayo. Tuseme (namba za kubuni hizi, mfano tu) dada A fakta yake ni 1 na kashuka kwa sekunde 60, dada B ulemavu wake unamrudisha nyuma zaidi, fakta yake 0.9, kashuka kwa sekunde 65. Zidisha 65 kwa 0.9 unapata 58.5. B kashinda. Hapo ndo watu wanapopiga kelele.

Mi nasema B kashinda kihalali kabisa. Angalia Vancouver 2010, Lauren Woolstencroft wa Kanada, kazaliwa hana miguu kuanzia chini ya magoti na mkono wa kushoto hauna kuanzia chini ya kiwiko, akabeba dhahabu 5 kwa mashindano mamoja. Kundi lake hilohilo alikuwemo Andrea Rothfuss wa Ujerumani ambaye yeye hana kiganja cha kushoto, miguu anayo yote. Ukiwaweka hawa wawili kwenye barafu moja ukasema saa tupu ndo iamue, utakuwa unapima nani kazaliwa na viungo vingi zaidi, uhodari wa kuskii huupimi hapo.

Mfano mwingine naupenda sana ni slalomu, ile mbio ya kupindapinda kati ya nguzo, ya wasioona vizuri PyeongChang 2018. Henrieta Farkašová wa Slovakia alikuwa keshachukua dhahabu 4, hakuna aliyemgusa. Siku ya slalomu Menna Fitzpatrick wa Uingereza, binti ambaye uoni wake hata asilimia 5 haufiki, akamshinda. Menna alikuwa daraja la B2, Henrieta B3 yaani anaona zaidi kidogo, kwa hiyo saa ya Menna inapunguzwa zaidi. Kuna jamaa akaniambia hiyo ni dhahabu ya karatasi. Karatasi gani bana? Huyu binti anashuka mlima kwa kumfuata mtu aliyevaa nguo ya rangi kali mbele yake, anasikia sauti kwenye kofia, "kulia, kushoto, barafu ngumu hapa", na sheria inawabana wasiachane mbali, wakiachana wanaondolewa. Halafu wale wasioona kabisa wanalazimishwa kuvaa miwani iliyozibwa giza totoro ili asiwepo mwenye chembe ya mwanga anayemzidi mwenzake. Yaani mtu yuko kwenye mteremko, kasi ya gari la barabara kuu, giza, anachokiamini ni sauti ya mwenzie. Kama fakta ndo inamfanya huyo apate nafasi ya kushindana na anayeona kiasi basi iendelee kuwepo.

Sasa hawa wa "gawanyeni madaraja kila mtu na medali yake". Hilo lilishafanyika, sio jambo jipya. Salt Lake City 2002 michezo yote ya Paralimpiki ya baridi ilikuwa na dhahabu 92, Torino 2006 walipounganisha madaraja zikashuka mpaka 58. Waliunganisha kwa sababu kulikuwa na mbio zenye watu wachache mno, ukimaliza tu bila kuanguka unakaribia jukwaa. Na wanaoumia kwanza madaraja yakigawanywa ni wanawake, maana wako wachache. Beijing 2022 wanawake wa michezo yote ya baridi kwa pamoja walikuwa 138 kati ya wanamichezo zaidi ya 500, na hapo ndo ilikuwa rekodi ya wakati huo! Chukua hao, toa wa michezo mingine, waliobaki kwenye skii ya mlima wagawe kwa madaraja zaidi ya kumi na kwa aina tano za mbio, unabaki na nini? Mbio ya wawili, au mbio iliyofutwa. Leo kwenye skii ya mlima wanawake wana dhahabu 15 na wanaume 15, sawa kwa sawa, na usawa huo unashikiliwa na kuunganishwa kwa madaraja.

Ila sitetei kila kitu. Kuna mahali fakta inanikera na nitasema. Namba ni moja kwa kila aina ya mbio, slalomu ina yake, daunihili (ile ya kushuka kwa kasi kubwa) yake, lakini mlima haufanani na mlima. Mwenye mguu mmoja akifika sehemu ya tambarare anapata shida kujisukuma wakati asiye na mkono anapiga hatua za miguu miwili anaondoka. Kukiwa na mteremko mkali mwanzo mpaka mwisho hiyo shida haionekani. Theluji ikiwa laini au imegeuka barafu nayo inapendelea huyu na kumuumiza yule. Kwa hiyo kuna siku unashinda kwa sababu mlima wa siku hiyo umeikubali fakta yako, hapo wanaolalamika wana hoja na nawapa. Dawa yake ni fakta zipitiwe mara kwa mara, muda wa wanawake wenyewe utazamwe kivyake, na mtangazaji aoneshe saa mbili kwenye skrini, ya kweli na ya hesabu, mtu wa nyumbani aone kinachoendelea badala ya kuhisi kaibiwa.

Na tukitaka kuongelea maumivu ya kweli ya huu mchezo basi tuongelee mambo kama ya Sochi 2014. Anna Schaffelhuber wa Ujerumani, wa kundi la kukaa. Hawa wanakaa kwenye kiti kilichochongwa kufuata mwili, chini yake springi na ski moja tu, mikononi fimbo fupi zenye viski vidogo mwishoni, ndo breki ndo usukani. Kwenye slalomu waamuzi wakamwondoa eti fimbo zake hazikukaa sawa pale pa kuanzia. Timu yake ikakata rufaa, akarudishiwa, akamaliza na dhahabu 5 kati ya 5. Mtu amejiandaa miaka, anaondolewa kwa jinsi alivyoshika fimbo! Hayo mbona hatuyapigii kelele, tunang'ang'ana na kuzidisha?

Najua kuna atakayesema theluji inatuhusu nini. Tofiri Kibuuka, kipofu, aliiwakilisha Uganda kwenye Paralimpiki ya kwanza kabisa ya baridi kule Örnsköldsvik, Sweden, 1976, kwenye skii ya masafa. Halafu kuna hili linalonigusa zaidi: Kelly Gallagher, aliyeipa Uingereza dhahabu yake ya kwanza ya Paralimpiki ya baridi Sochi akiwa na mwongozaji wake Charlotte Evans, ana ualbino. Kwetu Tanzania watu wenye ualbino tunawaongelea ngozi na yale mauaji ya aibu, macho yao tunayasahau, mtoto anawekwa dawati la nyuma haoni ubao tunasema hana akili. Huyu dada kaingia kwenye theluji inayorudisha mwanga wote machoni na akashinda. Na mwongozaji anapewa medali pia, kama tulivyozoea kwa wakimbiaji wetu wasioona, hilo nalo wapo wanaolipinga, mi siwaelewi kabisa.

Karibuni mchangie. Ila anayetaka saa tupu aanze kunijibu hili: yule aliyevaa miwani ya giza totoro, utamshindanisha na nani, na kama hayupo mwenzake wa kufanana naye mwaka huo, utamwambia arudi nyumbani?