Unaishi nchi hii, mteja yuko nchi nyingine: kodi ilikubana wapi? Tupeane uzoefu

Mama Ankara
Wakuu, habari za leo. Jana napanga makaratasi nikakutana na barua ya mteja ya miaka minne iliyopita: wamenikata asilimia 30 ya malipo. Moyo ulienda mbio upya. Ilikuwa kazi ya miezi miwili, usiku na mchana. Mteja yuko Marekani, mimi sijawahi kukanyaga huko. Walinitumia mapema fomu ya W-8BEN, ile ya kumthibitishia mteja wa Marekani kwamba wewe si mtu wa huko kikodi, nikadhani ni makaratasi yao ya ndani, nikaiacha. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba kwa sheria ya Marekani kipato cha kazi kinahesabiwa kimepatikana pale ulipokaa ukaifanya, siyo pale hela ilipotoka. Kwa hiyo sikustahili kukatwa hata senti. Ukurasa mmoja tu, jamani. Wewe ilikukuta wapi?

Nahodha7
Pole sana dada. Na hiyo fomu ina kikomo, msisahau. Ukisaini mwaka 2022, inaisha tarehe 31 Desemba 2025. Mimi nilijaza vizuri tangu mwanzo, nikasahau kuhuisha, Januari nikakatwa.

Tausi wa Pwani
Yamenikuta hayo hayo. Neno kwa neno.

Kipepeo
Mnajitia presha bure. Usipofikisha siku 183 kwa mwaka ndani ya nchi moja, hakuna nchi inayokugusa kwa kodi. Mimi nazunguka nchi tatu kwa mwaka na sidaiwi popote.

Jembe la Zamani
Mkuu Kipepeo, maneno hayo ndiyo niliyokuwa nayasema mimi. Sikupanga kuandika hili, ila umenigusa.

Nilienda hivyo miaka mitatu. Miezi mitano huku, minne kule, mitatu nyumbani. Nilikuwa na daftari dogo la bluu. Kila nikipita uwanja wa ndege naandika tarehe ya kuingia na ya kutoka. Hakuna nchi iliyofikisha siku 183, nikajihesabu kwamba kikodi sina kwetu.

Siku moja nipo nyumbani, mama amelazwa, nimesimama kwenye dirisha la malipo ya hospitali. Kadi ikakataa. Yule binti akaipangusa kwa kitambaa, akajaribu tena, ikakataa. Nikapiga simu benki, nikaambiwa akaunti imezuiwa kwa amri ya mamlaka ya kodi. Shemeji yangu ndiye aliyelipa, watu wamepanga foleni nyuma yangu wanasikia kila kitu.

Kesho yake nikaenda ofisini kwao. Afisa ana karatasi ya salio la akaunti yangu ya nje, kila mwisho wa mwaka. Nilikuwa sijui kwamba tangu 2017 nchi nyingi zinapeana taarifa za akaunti za benki zenyewe kwa zenyewe, bila kukuuliza. Akaniuliza kwa upole: nyumba yako iko wapi? Mke na watoto wanaishi wapi? Gari limesajiliwa wapi? Ukiugua unatibiwa wapi? Yote manne nikajibu: hapa. Akafunga faili. Daftari langu la bluu sikulitoa hata mfukoni.

Barua zao zilikuwa zinaenda anwani ya zamani, kwa hiyo walishanifanyia makadirio. Kodi ya miaka mitatu, faini, na riba juu yake.

Tausi wa Pwani
Nimesoma mpaka mwisho nimeshika shavu. Mama alipona?

Jembe la Zamani
Alipona, Alhamdulillah.

BintiHesabu
Kaka Jembe pole sana. Mimi ni mhasibu, naomba niongezee hapo kwenye 183 kwa sababu inaumiza watu wengi. Kila nchi ina sheria yake. Uingereza, kwa mfano, mtu aliyekuwa mkaazi huko miaka ya karibuni na bado ana mizizi ya kutosha anaweza kuhesabiwa mkaazi kwa siku 16 tu. Na ile 183 iliyomo kwenye mikataba ya kuepuka kutozwa kodi mara mbili, kwenye ibara ya 15, inamhusu mwajiriwa. Anayejitegemea anaangaliwa kwenye ibara ya 7, au ya 14 kwa mikataba ya zamani: je, una ofisi au kituo cha kudumu kule? Nchi mbili zikikugombania, zinaangalia kwa mpangilio: makazi ya kudumu, kisha kitovu cha maisha yako, kisha unakoishi mara nyingi, ndipo uraia.

Kipepeo
Mimi nina kitambulisho cha kidijitali cha Estonia. Hayo yote hayanihusu.

Nahodha7
Mkuu, kitambulisho kile kinakuruhusu kufungua kampuni na kusaini kwa mtandao. Hakikufanyi mkaazi wa kodi wa Estonia. Wenyewe wanasema wazi.

Kipepeo
Una wivu wewe.

Mama Ankara
Jamani, tusigombane. Mtu ameeleza habari ya mama yake hapa.

Chui Mpole
Kwa wenye pasipoti ya Marekani: popote ulipo unajaza ritani. Ila ukikaa nje siku 330 ndani ya miezi 12, hulipi kitu. Mimi nimeokoka hivyo.

BintiHesabu
Chui, hapana. Huo msamaha una kikomo chake, na unagusa kodi ya mapato tu. Anayejitegemea bado anadaiwa ile asilimia 15.3 ya hifadhi ya jamii, isipokuwa nchi anayoishi ina mkataba wa hifadhi ya jamii na Marekani na ana cheti chake. Angalia ritani zako za nyuma mapema.

Chui Mpole
Mbona mhasibu wangu hakuniambia?

Tausi wa Pwani
Badilisha mhasibu. Au oa mhasibu kabisa.

Nahodha7
Kaka Jembe, kodi uliyokatwa na wateja wa nje, mamlaka ya kodi haikukupunguzia kwenye deni?

Jembe la Zamani
Nusu tu. Mteja mmoja alitoa cheti cha kodi ya zuio, yaani karatasi inayoonyesha kodi aliyokata kwenye malipo yangu, wakanipunguzia kwenye deni. Mwingine alikuwa amefunga kampuni. Nina ankara yake, nina taarifa ya benki inayoonyesha hela ilivyoingia pungufu, lakini cheti sina, na bila cheti walikataa. Siku hizi sitoi ankara ya pili kabla cheti cha ile ya kwanza hakijafika.

Kipepeo
Nimekaa na pasipoti tangu saa mbili usiku. Siku zipo sawa, hakuna nchi iliyofika 183. Lakini yale maswali manne ya kaka Jembe nimejijibu, na yote yameangukia kwa mke wangu na watoto, kule kule. Nahodha, samahani kwa lile neno. BintiHesabu, unapokea wateja wa mbali?